Majaketi Ishirini na Matatu

Shirati, 28 Desemba 2023

Mdogo wangu Pius,

Sisi tupo. Mama anakula, analala, na analalamikia mguu wa kushoto. Akilalamika ujue bado ana nguvu. Mvua imeng'oa mabati mawili ya jikoni, na mhogo wa nyuma ya nyumba una siku tano ndani ya maji. Krismasi tulichinja jogoo. Mama aliuliza mara tatu bakuli lako liko wapi. Nikamwambia uko kazini.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe ishirini redio ilisema kwamba mtoto wa kike wa miaka tisa, aliyekuwa kwenye kambi ya likizo huko Ilemela, amekutwa amekufa maji, na kwamba nahodha wa boti anashikiliwa. Kambi haikutajwa jina. Nimekupigia mara nane. Mara ya tisa ulipokea, ukasema, "Mtandao, dada, mtandao," ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilikusikia ukimeza mate.

Ndiyo maana nakuandikia, nawe utanijibu kwa karatasi. Kwenye simu umekuwa hodari wa kudanganya tangu ulipoanza kuongea na wazazi wa watoto wenye pesa. Kwenye karatasi hujawahi kuweza. Najua, insha zako nilizisahihisha mimi. Barua mpe Malimi, konda wa basi la asubuhi pale stendi ya Buzuruga. Nilimfundisha darasa la sita, hatathubutu kuipoteza.

Niambie: ni kambi yenu? Ulikuwepo? Huyo mtoto ana jina, au naye mmemwita "tukio"?

Dada yako,
Rebeka


Ilemela, 14 Januari 2024

Dada Rebeka, shikamoo.

Nimefurahi kusikia Mama anakula. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa baridi ya mvua hizi. Mabati nitayashughulikia. Huku maji yamepanda hadi kwenye ngazi za bwalo la chakula.

Ni kambi yetu. Nilikuwepo. Anaitwa Winnie, mtoto wa Venant na mke wake Odeta, wa Mkolani. Venant anafundisha sekondari. Ni watu wazuri.

Jumatatu tarehe 18 tuliwapeleka watoto kisiwani, ile safari iliyo kwenye tangazo, kuona ndege na kupanda mawe. Walikuwa na furaha. Saa tisa mchana wingu likaja, tukawapandisha haraka, tukarudi kwenye mvua na mawimbi. Watoto walikuwa wamejikunyata chini ya turubai. Polisi wanaamini Winnie aliteleza akaanguka majini njiani, na nahodha hakuona. Nahodha ni mzee Shimba, unamkumbuka, yule aliyekukaangia sato siku ya ufunguzi. Mkurugenzi wa kambi anasema alikuwa amekunywa. Sikusema mimi kwamba alikuwa amekunywa. Ni ajali, dada. Ni mapenzi ya Mungu.

Kuna jambo nakuomba. Watu mitandaoni wanatutukana, na wazazi wameanza kuondoa majina ya watoto kwa kambi ya Juni. Wewe una safu yako ya Jumatano gazetini, na watu wanakuamini. Ungeandika tu kwamba ziwa ni ziwa, na ajali hutokea hata kwa wenye bidii.

Malimi atakupa pia mfuko mweusi. Ni nguo zangu za zamani. Usijisumbue kuufungua, weka juu ya kabati. Nitaufuata Pasaka.

Msalimie Mama.
Pius


Shirati, 26 Januari 2024

Pius,

Mama ameanza kutembea na fimbo hadi mlangoni. Mfuko umefika, uko juu ya kabati.

Sitaandika. Nimefanya kazi ya kugombana na watu kwa maandishi kwa miaka kumi na tisa, na nimejifunza kwamba mtu akikwambia "ziwa ni ziwa" anataka usiulize juu ya watu. Ziwa halikuandika tangazo, wala halikupanga safari wiki ya mvua kubwa ili picha zipatikane kabla ya Krismasi. Na Mungu mwache alipo; yeye hakuwa na orodha ya watoto. Wewe ulikuwa nayo.

Nimeisoma barua yako mara nne, kama nilivyokuwa nikisoma insha zako. Unaandika "tukawapandisha". Nani aliwapandisha? Watoto wangapi, na watu wazima wangapi? Shimba alikuwa nyuma kwenye injini. Anaonaje chini ya turubai? Unasema "polisi wanaamini". Sijakuuliza imani ya polisi. Unasema hukusema wewe kwamba alikuwa amekunywa. Je, ulisema kwamba hakunywa? Mtu anaweza kumfunga mwenzake kwa kukaa kimya tu, huku anakunywa chai.

Jambo moja tu nataka kulijua. Mlipoondoka kisiwani, ulihakikishaje kwamba watoto wote wamo?

Mke wa Shimba anaishije?

Rebeka


Ilemela, 3 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na ukaguzi. Hapa salama. Natumaini Mama anaendelea.

Watoto ishirini na watatu. Watu wazima wawili, mimi na Shimba. Mwalimu wa tatu aliumwa, na Mkurugenzi alisema tusiahirishe kwa sababu wapiga picha walishakuja.

Mke wake anaitwa Kija. Anauza dagaa. Alikuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza nilimpa sukari na unga. Mara ya pili alikataa kupokea. Alisimama getini na beseni lake kichwani akasema, "Mwalimu, mimi sitaki unga. Wewe sema tu lile neno ulilosema siku ile." Mlinzi akamwomba aondoke.

Unaniuliza maswali kama hakimu, lakini nenda kwenye mapokezi yetu uone ukutani kuna nini. Kuna safu yako, kwenye fremu. "Watoto si Mizigo." Ulikuja siku ya ufunguzi, ukala sato, ukaandika kwamba wazazi wa mjini wanawafungia watoto na simu kama kuku wa kisasa, wawalete ziwani wapate upepo. Uliandika kwamba hapa kuna mtu anayewajua watoto kwa majina, asiyewahesabu kama magunia ya dagaa. Mtu huyo ni mimi. Wazazi wote wanaisoma hiyo wakati wanasaini fomu.

Kwa hiyo usinihukumu peke yangu.

Pius


Shirati, 17 Machi 2024

Pius,

Mvua zimeanza tena na Mama amekuwa akilalamika baridi ya miguu. Jumanne nilikwenda kliniki kumchukulia dawa. Nikarudi nikamkuta amekaa kitandani, miguu ameiviringishia sweta jekundu. Alimtuma mtoto wa jirani amshushie mfuko kutoka juu ya kabati, maana ulisema ni nguo za zamani.

Akaniuliza, "Hii ya mtoto wa nani?"

Nikamwambia, "Mama, nipe hiyo."

"Nakuuliza ya mtoto wa nani. Ina joto zuri."

Nililitoa taratibu, nikamfunika na kanga zangu mbili. Pius, ndani ya ukosi kuna kitambaa cheupe kimeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa bluu: WINNIE V. Kambi yenu inataka kila nguo ishonwe jina ili kisipotee kitu. Hongereni. Hata soksi haikupotea.

Mikono ya lile sweta imejikunja na kukakamaa. Ilikuwa imefungwa fundo kwenye kitu, na kitu hicho kina ukubwa wa tawi. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye boti hafungi sweta kwenye tawi. Anayefanya hivyo yuko nchi kavu, ameiona boti inaondoka, na anataka ionekane alipo.

Sasa nami niseme nisilolisema. Mwezi wa kumi na moja Venant alinipigia simu. Namba aliipata gazetini. Aliniambia mke wake anaogopa maji, na yeye amesoma safu yangu, na anataka kuniuliza jambo moja. "Mwalimu, huyo mtu unaweza kumwamini?" Nikamjibu, "Kama ninavyojiamini mimi." Nilicheka kidogo nilipokuwa nasema hivyo. Tangu niliposoma jina lake kwenye barua yako ya Januari nimejua ni yeye, na sikukwambia. Nilikuwa nakukasirikia wewe ili nisiwe na nafasi ya kujikasirikia.

Unasema nisikuhukumu peke yako. Sawa, tumekuwa wawili. Lakini aliye mahabusu ni wa tatu, na yeye hakuandika safu wala hakushika orodha.

Niandikie yote. Usiniambie juu ya baridi ya kifua.

Rebeka


Ilemela, 29 Aprili 2024

Dada Rebeka, shikamoo.

Pasaka sikuja, na unajua kwa nini. Nimeanza barua hii mara nyingi. Safari hii sitaichana.

Kisiwani watoto walivua majaketi okozi ili wapande mawe, na tuliyarundika karibu na boti. Wingu lilipokuja upepo ulikuwa unarusha mchanga machoni. Niliwapigia filimbi. Wakaja wanakimbia, wakaingia chini ya turubai wanapiga kelele na kucheka, kila mmoja juu ya mwenzake. Mimi nikawa narusha majaketi ndani ya boti. Shimba aliwasha injini, akaniuliza, "Mwalimu, wote wapo?"

Nikahesabu majaketi. Ishirini na matatu. Nikamwambia, "Wote."

Akarudia, kwa sababu ya upepo. "Wote?"

"Wote. Twende."

Hilo ndilo neno Kija anataka niliseme.

Hata kuwavalisha majaketi sikuwavalisha, tulikuwa na haraka. Tulifika kambini, kila mtoto akakimbilia bwenini kubadilisha nguo. Saa moja jioni tulipakua wali na maharage. Nilipanga sahani mezani kama Mama alivyokuwa anapanga mabakuli, wakaja wakachukua, wakakaa. Sahani moja ikabaki. Nilisimama nikaiangalia ile sahani, dada, nikajua kabla sijajua ni ya nani.

Tulijaribu kurudi. Mawimbi yalitupiga hadi tukageuza. Shimba ndiye aliyetaka tuendelee, mimi ndiye niliyesema tungoje kupambazuke. Asubuhi nilishuka kisiwani wa kwanza. Sweta lilikuwa juu ya kichaka kwenye jiwe refu kuliko yote, limefungwa kwa mikono yake miwili. Viatu vyake vilikuwa chini, vimepangwa. Yeye hakuwepo. Nafikiri alishuka kwenye maji ili aonekane vizuri zaidi. Wavuvi walimpata kesho yake. Nililifungua lile sweta nikaliweka ndani ya shati, viatu nikavitupa majini, kabla Shimba hajamaliza kufunga boti. Sikuwa nimepanga. Mkono ulifanya.

Mkurugenzi alisema, "Kama alianguka, ni boti. Kama aliachwa, ni kambi." Akanipa kalamu. Nikasaini kwamba watoto wote walipanda.

Utaniuliza kwa nini sikuwahesabu watoto wenyewe. Umesahau? Mama alituambia watoto hawahesabiwi kwa kidole, wanahesabiwa kwa mabakuli. Bakuli lililobaki limefunikwa, mwenyewe bado yuko nje. Nilikuwa na miaka sita nilipowahesabu nyie wote mkiwa mmekaa ukutani mnakula muwa, kwa kidole, kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimetoka kujifunza shuleni. Wiki iliyofuata ndugu yetu Agutu akafa. Siku tulipomzika ulinivuta nyuma ya zizi ukaniambia, "Wewe ndiye uliyemhesabu." Nina miaka arobaini na moja. Nimefanya kazi na watoto miaka kumi na tano na sijawahi kumnyooshea mtoto kidole nikasema moja. Nahesabu viatu. Nahesabu vikombe. Nahesabu majaketi. Na wewe uliandika gazetini kwamba huo ni upendo.

Choma barua hii. Lichome na sweta. Shimba ni mzee, watamwachia tu. Hawana ushahidi wa ulevi. Mimi nikiingia humo, Mama atakufa akiniulizia.

Pius


Mwanza, 13 Mei 2024, Jumatatu

Pius,

Mama nimemwacha na Sharon wa jirani. Anasema amekuota unakula samaki. Nimekuja Mwanza tangu Jumamosi na sikuja kukuona, kwa makusudi. Ningekuona ningekumbuka ulivyokuwa unanishika gauni, na ningerudi Shirati na mfuko wangu.

Nilisema maneno yale. Nakumbuka hata ukuta wa zizi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Agutu alikufa kwa homa baada ya siku tisa bila dawa kwa sababu zahanati haikuwa na dawa, na mimi nilihitaji mtu wa kumlaumu aliye mfupi kuliko mimi. Nimeishi maisha yangu yote nikijisifu kwamba nawapiga wakubwa. Niliyeanza kumpiga ni mtoto wa miaka sita. Halafu nilipokua, nikaona kidonda nilichokupa, nikakiita mila, nikakiandikia safu, watu wakanipongeza. Safu hiyo nimeijibu mwenyewe. Jibu hilo litatoka Jumatano ijayo, kama mhariri hataogopa, na jina langu liko juu yake.

Lakini hayo hayamtoi Shimba. Ulijua kwamba hesabu ya majaketi si hesabu ya watoto. Ulijua saa moja jioni, mbele ya ile sahani. Kisiwani ulikosea. Ulipolifungua sweta, hapo hukukosea. Usinichanganyie mambo mawili.

Jana nilikwenda Mkolani. Venant alikuwa kanisani. Odeta alinikaribisha ndani kabla hajajua mimi ni nani. Nilimwambia, nikampa sweta. Hakulia. Alilinusa, akagusa jina aliloshona, kisha akaiona mikono ilivyojikunja.

Akaniuliza, "Nani aliyefunga?"

"Yeye mwenyewe."

"Lilikuwa limekaza?"

"Nadhani lilikuwa limekaza sana."

Akasema, "Nilimfundisha Novemba. Kwa kamba za viatu. Alikuwa anakosea kila siku, tunagombana."

Kisha akaniomba niondoke. Akasema, "Sikufukuzi, dada. Naomba tu uondoke."

Nilimwachia sweta, na nilimwambia alilonalo mkononi ni ushahidi. Barua yako ninayo mimi. Alhamisi asubuhi nitaipeleka polisi, kwa mkono wangu, na nitaandikisha maelezo yangu juu ya simu ya Venant. Leo ni Jumatatu. Una siku mbili za kwenda mwenyewe kwa miguu yako. Sizitoi kwa sababu unastahili. Nazitoa ili Mama aweze kuambiwa kwamba ulikwenda.

Barua hii naimalizia hapa nje kwako, niipitishe chini ya mlango. Nakusikia uko ndani. Usifungue.

Rebeka


Gerezani, Mwanza, 21 Julai 2024

Dada Rebeka, shikamoo.

Karatasi hii nimepewa na mchungaji, na itasomwa kabla haijatoka, kwa hiyo nitaandika machache. Afya si mbaya. Maharage tunapata. Kesi imeahirishwa hadi Agosti. Mkurugenzi naye ameshaitwa mara mbili, na nasikia kambi imefungwa na ule ukuta wa mapokezi umepakwa rangi upya.

Nilikwenda Jumatano. Nilifika kituoni saa tatu asubuhi, nikakaa kwenye benchi hadi saa sita kwa sababu kila afisa aliponiuliza shida yangu nilisema nimekuja kumwona mtu. Wa mwisho alikuwa dada mmoja, umri wa wanafunzi wako. Akasema, "Mzee, kama huna shida nenda nyumbani, benchi linahitajika." Ndipo nikasema.

Shimba alitoka Juni. Tulikaa selo moja siku kumi na moja kabla hajatoka, na katika siku hizo hakunisemesha. Siku ya kuondoka aliniachia ndoo yake ya maji na kipande cha sabuni, akaviweka karibu na miguu yangu, akaenda. Amekonda sana. Ukipita Ilemela mnunulie Kija dagaa, lakini usimwambie ni kwa ajili yangu.

Safu yako nimeisoma. Kipande cha gazeti kilikuja kimefungia chapati za mtu. Haikunifurahisha, ila ni kweli.

Jambo moja nataka ulijue. Hapa tunahesabiwa asubuhi na jioni. Tunachuchumaa mistari ya watu watano watano, afande anapita anatunyooshea fimbo, kichwa kwa kichwa, kwa sauti: moja, mbili, tatu. Isipotimia anaanza upya, hata mvua ikinyesha, hata akiwa na njaa yeye mwenyewe, na hakuna anayenyanyuka hadi itimie. Wiki ya kwanza nilikuwa nangoja aanguke mtu. Sasa ni miezi miwili na siku tano. Hakuna aliyekufa kwa kuhesabiwa, dada.

Agutu alikuwa na homa.

Mwambie Mama niko kazini, au mwambie ukweli, utakavyoona. Akiulizia bakuli langu, mwambie aliache limefunikwa.

Mdogo wako,
Pius